Ruhusa ya Kubadilisha Hali

Ofisi ya posa ya Qudsia Begum ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani, pale Mehdipatnam mjini Hyderabad. Aliyepanda ngazi alinikuta mimi kwanza, Shaheda, kwenye meza ya mapokezi. Kazi yangu ilikuwa kuuliza kama familia inatafuta mke au mume, kuwapa maji ya baridi, kisha kuingiza habari zao kwenye kompyuta: umri, kimo, elimu, ukoo, na rangi ya ngozi kwa maneno ya kupendeza. Nyuma yangu palikuwa na kizuizi cha mbao nyembamba, na nyuma ya kizuizi ndiko alikokaa mwenye ofisi. Mtaa mzima ulimwita Apa, yaani dada mkubwa, wakiwemo wazee waliomzidi umri kwa mbali.

Dirishani alikaa Ghouse Bhai, yaani Kaka Ghouse, aliyekuwa akitafuta nani anamfaa nani. Zamani alikuwa fundi cherehani, na mpaka leo humtazama mtu mabegani kwanza kabla ya usoni. Ulimi wake ulikuwa mkali. Mama akija na masharti marefu kuhusu mkwe anayemtaka, humwambia, "Mama, binti huyo hajazaliwa bado. Mamake mwenyewe yuko darasa la tatu."

Wa nne alikuwa Nuzhat, binti wa kaka yake Apa. Wazazi wake walifariki akiwa chuoni anasoma kemia, Apa akamchukua nyumbani kwake, akamsomesha mpaka akamaliza, halafu akamleta ofisini. Apa hakuwa na mume wala mtoto. Nuzhat alikuwa amevuka thelathini. Alipiga simu kwa familia kuuliza kama mazungumzo yanaendelea au yamekufa, na sauti yake ilikuwa ya utulivu kiasi kwamba hata mtu aliyekataliwa alimshukuru kabla ya kukata simu. Sisi hatukuwahi kumuuliza mambo yake. Apa alikwishatuambia, mimi kwa wakati wangu na Ghouse Bhai kwa wakati wake, kwamba Nuzhat ana mtu wake, mhandisi, yuko Dammam huko Saudia, na kwamba si vizuri kumtaja mbele yake kwa sababu mambo yanachelewa na binti anaumia. Tukanyamaza.

Habari zote za wateja zilikaa kwenye kompyuta ya Apa, na sisi wengine tulizifungua kutoka mezani kwetu kwa waya uliopita chini ya zulia. Neno la siri lilikuwa moja, 786, tarakimu zinazosimama badala ya Bismillahi, na lilibandikwa ukutani kando ya kalenda ili pasiwe na usumbufu. Aliyelijua aliweza kusoma kila kitu, kubadilisha kila kitu na kufuta kila kitu, na kompyuta yenyewe haikumjua huyu ni nani na yule ni nani. Hata mwenye duka la miwani alilijua. Biashara ikilala, alipanda akakaa kwenye kiti kisicho na mtu, akatazama picha za mabinti, akisema anapima macho yake.

Siku moja alipanda Mwalimu Waheed, mstaafu wa hesabu kutoka Tolichowki, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Nani?" aliuliza. Hakusalimia. "Nani kati yenu amemwoza binti yangu na kumpa talaka, wala mimi baba yake sikualikwa hata kula wali?"

Tulifungua faili la binti yake. Penye kisanduku cha hali, mahali tunapoandika kama mtu yuko huru, ameposwa, ameolewa, ameachika au ni mjane, paliandikwa *ameachika*. Binti huyo hajawahi kuolewa. Faili lilikuwa limepelekwa hivyo hivyo kwa familia ya Nizamabad. Wakaja, wakala, wakanywa chai, na wakati wa kuvaa viatu mama wa kijana akauliza mbele ya majirani mume wa kwanza alikuwa na kasoro gani.

Apa alitoka chumbani kwake akaomba radhi. Aliomba vizuri, kwa maneno ya zamani yaliyonyooka, na Mwalimu mwishoe akavaa kiatu chake. Akasema hataki kurudishiwa chochote, anataka kujua tu ni nani. Hatukuweza kumwambia. Alipokwisha kushuka, Ghouse Bhai alisema mimi ndiye mwenye haraka kwenye vibonye. Mimi nikasema yeye ndiye anayeacha mafaili wazi akienda kutafuta tambuu. Nuzhat alisema ni yeyote, na kwamba ugomvi wetu unasikika mpaka kituo cha basi.

Apa akampigia Iltefat.

Iltefat alikuwa mtu mwembamba mwenye simu mbili, aliyekuwa ameunganisha kompyuta za hospitali moja ya macho. Alikuwa na mke na mapacha, jambo alilolitaja ndani ya dakika chache za kwanza, kwa kuwa wanaume wengi wanaopanda ngazi zile hudhaniwa wateja. Asubuhi nzima hakugusa kitu. Alikaa akitutazama tunavyofanya kazi. Mwenye duka la miwani alipopanda, akaketi na kufungua picha, Iltefat alimwangalia naye kimya kimya, kisha akaenda ukutani akasoma karatasi yenye 786.

"Apa," alisema, "samahani kwa lugha. Hiki ni choo cha stendi. Kila apitaye anaingia."

"Kisafishe basi," Apa akajibu.

Aliniambia mimi na Ghouse Bhai tufungue faili moja kwa wakati mmoja, kila mtu mezani kwake. Mimi niandike mteja ameposwa, Ghouse Bhai aandike ni mjane. Tukafanya hivyo, nikahifadhi mimi, akahifadhi na yeye. Nilipofungua tena, yangu haikuwepo. Mteja alikuwa mjane, wala hapakuwa na alama yoyote kwamba dakika moja nyuma alikuwa mchumba wa mtu.

"Anayehifadhi mwisho ndiye mkweli," alisema Iltefat. "Huenda binti wa Mwalimu hakuna aliyemkusudia. Mtu alidhani yuko kwenye faili jingine. Hilo halitajulikana. Ninachoweza ni kuzuia lisitokee tena."

Akatoa nakala ya kila kitu, akaifunga kwenye kabati la chuma, ndipo akatuita sote chumbani kwa Apa. Alisema kila mtu atakuwa na jina lake na neno lake la siri, na atapewa ruhusa ya kile anachokihitaji kazini, si zaidi.

"Mwenye duka la miwani?" aliuliza Ghouse Bhai.

"Atapima macho kwake."

Iltefat alituuliza mmoja mmoja. Unasoma nini? Unabadilisha nini? Ukinyimwa hiki, kazi yako itasimama? Mimi nilipewa ruhusa ya kuingiza watu wapya, nisiguse wa zamani. Ghouse Bhai alipewa kusoma kila kitu na kuandika maoni yake mahali pake peke yake.

"Kusoma tu?" Ghouse Bhai alikunja uso. "Nimeozesha nusu ya mji huu, leo nageuzwa msomaji? Nipe miwani basi nikae maktaba."

"Bhai, ulishawahi kuhitaji kubadilisha umri wa mtu?"

"Sijawahi."

"Unataka uwezo huo wa nini?"

"Niwe nao," alisema Ghouse Bhai, na alikuwa anasema kweli kabisa.

Kisha tukafika kwenye kisanduku cha hali. Iltefat alisema hicho ndicho kilichomleta Mwalimu na kiatu, kwa hiyo kiwe cha mtu mmoja. Ghouse Bhai akasema apewe Nuzhat, kwani ndiye anayepiga simu na kujua ukweli. Iltefat akamgeukia Apa. Apa alikuwa akikoroga chai yake. Aliendelea kuikoroga, kisha akasema sawa, Nuzhat ni mwangalifu, apewe Nuzhat. Iltefat akaongeza kanuni moja: hakuna kuandika mtu ameposwa bila jina la mchumba na namba ya simu iliyopigwa ikajibiwa. Kisanduku kisipopata vitu hivyo kitakataa.

"Na mimi?" Apa aliuliza.

"Wewe utasoma kila kitu, na utapitisha malipo."

"Ofisi ni yangu, Iltefat."

"Kwa sababu ni yako, Apa. Mwenye mali akitembea na funguo zote mfukoni, akizidondosha amezidondosha zote." Akaeleza kuhusu mlango mkuu, yaani ile sehemu ya kubadilisha ruhusa zenyewe. Neno lake la siri litakuwa la vipande viwili. Apa ataandika chake bila Iltefat kukiona, na Iltefat chake bila Apa kukiona. Ukifunguliwa, wafanyakazi wote wawepo na sababu isemwe wazi.

Apa aliufikiria mpango huo, halafu akaupenda. Aliupenda zaidi ya tulivyotarajia. Wiki ileile alitia tangazo kwenye gazeti la Kiurdu kwamba katika ofisi yake habari za binti yako haziwezi kuguswa na mkono usiohusika, hata mkono wa mwenye ofisi. Wateja waliposoma wakaja wengi. Kila mama aliyepanda ngazi alisikia maneno hayo kwa mdomo wa Apa mwenyewe, na Mwalimu Waheed alimrudisha binti yake kwetu, akaposwa baadaye na familia ya Warangal, safari hii bila talaka.

Kazi ilibadilika. Mwanzoni Ghouse Bhai alikuja mezani kwangu akinong'ona nimwazime neno langu la siri, arekebishe jina lililokosewa herufi. Nikamwambia amwombe Nuzhat. Akasema hawezi kumwomba Nuzhat kitu, Nuzhat humjibu kama mtu anayelipa faini. Hilo lilikuwa kweli. Nuzhat alikuwa mpole kwa watu wote isipokuwa Ghouse Bhai, na sisi wawili tulikuwa tumeshazoea, tukidhani ni utani wake uliomchosha.

Mwezi mmoja hivi ukapita. Ndipo akaja mama kutoka Bidar. Mwanawe aliitwa Mujtaba, anafundisha watoto viziwi, alikuwa amefika arobaini bila kuoa kwa sababu kila alipokaribia kuoa, dada yake mwingine alikuwa anaolewa na zamu ikasogea. Sasa dada walikwisha. Mama yake alitaka binti aliyesoma, mtulivu, asiyeogopa nyumba yenye kelele za mikono, yaani za lugha ya ishara. Ghouse Bhai akamwahidi jibu, na mama aliposhuka akaanza kutafuta. Kompyuta ilileta walio huru peke yao, kama kawaida, na yeye akawa anasoma majina kwa sauti, kama kawaida.

"Huyu mfupi. Huyu babake hataki nje ya mji. Huyu, Nuzhat Fatima binti Azmatullah, shahada ya kemia, anaishi na shangazi..."

Akageuka. Nuzhat alikuwa meza ya pili, simu sikioni, akisubiri mtu wa upande wa pili aitwe.

"Dada Nuzhat," alisema Ghouse Bhai, "wewe si una mtu Dammam?"

"Mtu gani?"

"Mhandisi."

"Mhandisi wa nini?"

"Sijui. Mabomba, nadhani. Si ndivyo..." Aliangalia kizuizi cha mbao, kisha akaangalia feni.

Nuzhat aliiweka simu mezani taratibu bila kuikata. "Kwa hiyo si wewe uliyekuwa ukinibadilisha?"

"Kukubadilisha nini?"

Akaeleza bila kupandisha sauti. Ofisi ilipoacha makaratasi na kuingia kwenye kompyuta, yeye ndiye aliyechapa mafaili yote, likiwemo lake, ambalo marehemu mamake alilileta kwa Apa akiwa bado hai. Aliandika yuko huru. Baada ya muda alikuta imeandikwa ameposwa. Akarudisha. Ikageuzwa tena. Kila aliporudisha, siku chache baadaye ilikuwa imegeuzwa. Watu wote tulitumia neno moja la siri, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kujua ni nani. Yeye aliamua kwamba ni Ghouse Bhai anamfanyia mzaha, binti aliyevuka thelathini anayejitangaza mwenyewe. Aliona aibu kuuliza, akaacha. Alipopewa kisanduku cha hali yeye peke yake, kitu cha kwanza alichofanya ni kuandika yuko huru, na tangu hapo kimebaki vilevile.

"Nilidhani unanicheka," alimalizia.

"Mimi huwacheka watu mbele yao," alisema Ghouse Bhai. Nilimwona ameumia.

Nyuma ya kizuizi kiti kilisogea, kikatulia. Sisi watatu tulikisikia. Ofisini tulikuwa wanne tu, watatu tulikuwa pale, na hesabu hiyo haikumhitaji Mwalimu Waheed.

Ghouse Bhai aliuliza kwa sauti ya chini, "Jina lako nilipeleke Bidar, au nisilipeleke?"

Nuzhat alikitazama kizuizi cha mbao. Halafu akasema, "Peleka," akachukua simu akaendelea na yule aliyekuwa akimsubiri.

Kesho yake Apa alimtuma Nuzhat benki na Ghouse Bhai kwa mpiga chapa, akamwita Iltefat. Mimi nilibaki mapokezi. Kizuizi kile hakikuwahi kuzuia neno.

"Iltefat, mwanangu, nataka ruhusa moja ndogo tu."

"Ipi, Apa?"

"Kile kisanduku cha hali."

"Kwani Nuzhat amekosea?"

"Hajakosea."

"Anachelewa?"

"Hachelewi. Kuna faili moja linahitaji kurekebishwa."

"Mwambie. Ni kazi ya dakika."

Kijiko kiligonga kikombe. "Faili hilo siwezi kumwambia Nuzhat."

Nilisikia Iltefat akiweka simu zake mezani. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Apa, ofisi ni yako. Ukisema leo, naandika kipande changu leo, wewe chako, mlango unafunguka. Ila tulikubaliana wote wawepo na sababu isemwe. Umelitangaza hata gazetini."

"Nimekuita kama mwanangu, unanijibu kama karani wa mahakama."

"Kama mwanao ningekwambia mengine."

"Yapi?"

"Kwamba chai yako inapoa," alisema Iltefat. Akatoka, akaniaga kwa heshima, akashuka ngazi. Hakuwahi kulizungumza jambo hilo na mtu, walau sisi hatukusikia.

Yaliyofuata yalitokea siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri. Ghouse Bhai alikuwa bado msikitini. Apa alitoka chumbani kwake akasimama nyuma ya kiti cha Nuzhat, mkono wake mmoja umeshika mgongo wa kiti. Mimi niliendelea kuchapa. Baadaye niliona kuwa familia ya Karimnagar nimeiingiza mara mbili.

"Fungua faili lako," alisema Apa.

Nuzhat akalifungua.

"Weka *ameposwa*."

"Na nani, Shangazi?"

"Weka tu. Tutazungumza nyumbani."

"Kinataka jina la mchumba, na namba ya simu niliyoipiga ikajibiwa. Niandike nani?"

"Nuzhat. Nimekulea."

"Umenilea, Shangazi."

"Nimekusomesha."

"Ndiyo. Sijasahau hata siku moja."

"Basi weka."

"Siweki."

Alilisema kwa sauti ileile anayotumia kwenye simu, ile ambayo watu huishukuru. Apa hakupandisha sauti. Nilidhani atarudi chumbani. Badala yake aliuliza, karibu akiuliza mgongo wa kiti, "Jioni nitakula na nani?"

Hapo Nuzhat aligeuka. Alimtazama shangazi yake. "Hilo ungeniuliza mimi," alisema. "Miaka yote hii umekuwa ukiiuliza kompyuta."

Apa akaenda kuchukua mkoba wake akashuka.

Nimefikiria mara nyingi kuhusu Apa, na simwoni kuwa mtu mbaya. Aliwaoza watu wa mtaa ule kwa mamia, kisha akirudi nyumbani alisomewa gazeti na Nuzhat kwa kuwa macho yake yalikuwa yanafifia, na Nuzhat alimtolea miiba ya samaki. Nadhani mara ya kwanza alibadilisha kisanduku kile kwa ajili ya mwezi mmoja tu, mpaka apone homa, au mpaka mvua ziishe. Kubonya ni rahisi. Hakuna aliyemwona, na hakuhitaji kumwambia mtu uso kwa uso, ukiacha ule uongo wa Dammam, uliokuja baadaye, sisi tulipoanza kushangaa.

Siku ya pili hakuja kazini. Nuzhat alikuja, akapiga simu zake. Aliniambia kwamba nyumbani wamekula bila kuzungumza, na kwamba amesoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, na shangazi yake amesikiliza mpaka mwisho.

Apa aliporudi, alikaa mezani kwake, akamwomba Ghouse Bhai namba ya Bidar. Tulidhani anataka kuvunja. Alimpigia mama wa Mujtaba mwenyewe, akajitambulisha kama shangazi wa binti, akaanza kumhoji kama anavyohoji familia yoyote ambayo haiamini.

"Mwanao anakoroma? Kidogo ni kiasi gani? Nani anapika? Choo ni chenu au mnachangia na shemeji? Mwanangu amesoma kemia, atafundisha huko au mtamfungia jikoni? Hapana, Bibi, usiniambie Mungu akipenda. Niambie ndiyo au hapana."

Ghouse Bhai alifungua mdomo aseme kitu cha kuchekesha, akaufunga.

Mujtaba alikuja na mama yake, akaja tena na dada zake, wakakutana na Nuzhat sebuleni kwa Apa. Alikuwa mtu wa maneno machache ambaye mikono yake haikutulia alipozungumza. Nuzhat aliniambia alipenda hivyo, unaona anachofikiria kabla hajakisema. Apa alipata kasoro nyingi: mshahara mdogo, nyumba ina ngazi mbaya, Bidar kuna vumbi. Alizitaja zote mbele yao, akazijadili moja moja, na ziliposhindwa kuvunja jambo, akakubali. Mahari aliikomalia mpaka mama wa kijana akamwambia Ghouse Bhai pembeni kwamba hajawahi kuona mtu anayetaka ndoa kwa hasira namna ile.

Harusi ilifungwa baada ya Idi. Siku yake ya mwisho kazini, Nuzhat aliandika kwenye faili lake mwenyewe jina la mume, akathibitisha namba, akaweka *ameolewa*. Kisanduku kilikubali. Alasiri Iltefat akaja, maana ruhusa ilipaswa kuhamia kwangu na hilo lilihitaji mlango mkuu. Tulikusanyika sote chumbani. Iltefat alitaja sababu kwa sauti, kama walivyokubaliana: mfanyakazi anaondoka. Akaandika kipande chake. Apa akavuta upindo wa mtandio wake kuficha vibonye, akaandika chake. Alikosea, akaandika tena.

Jina langu liliwekwa kwenye kisanduku cha hali. Kisha Iltefat akaonyesha jina la Nuzhat kwenye orodha ya watumiaji.

"Nilifute?"

"Lazima leo?" Apa aliuliza. "Likikaa mpaka mwisho wa mwezi kuna ubaya gani?"

"Mtu akiondoka, jina lake linaondoka siku hiyohiyo, Apa. Lisipoondoka, ni mlango ulio wazi ambao hauna mtu."

Apa alimtazama Nuzhat, aliyekuwa akifunga bakuli lake la chakula ndani ya mfuko. Nuzhat hakumsaidia kwa neno lolote.

"Futa," alisema Apa.

Akafuta. Tukanywa chai na biskuti za chumvi. Ghouse Bhai akamwambia Nuzhat kwamba Bidar kuna vyungu vizuri vya nakshi ya fedha na wanaume wabaya, na Nuzhat akacheka, akamjibu kwamba basi ataanza na vyungu. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia wakitaniana. Halafu Nuzhat akaosha glasi yake, akaipindua juu ya kitambaa, na akashuka ngazi na shangazi yake. Tangu siku ile Apa hukaa ofisini mpaka mimi na Ghouse Bhai tunapofunga, na siku za Ijumaa hupanda basi la Bidar mapema, gazeti mkononi.